Matroni na Rais Aliyeshindwa

Matroni hakuwahi kufika Marekani. Hakuwahi hata kufika Mombasa, na alikuwa akilisema hilo bila haya, kwamba hana haja na maji yasiyonyweka. Lakini katika miaka yote niliyokaa naye ploti moja mtaa wa Kaloleni, Kisumu, sikumwona mtu aliyeichunga nchi ile ya mbali kwa jicho kali kama lake. Aliichunga jinsi alivyokuwa amechunga bweni la wasichana: kwa kusikiliza mlangoni, kwa kuhesabu vichwa, na kwa kutoamini wimbo wowote ulioimbwa paredi.

Tulimwita Matroni kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya nusu ya maisha yake, katika shule ya bweni upande wa Maseno. Nilipomjua alikuwa amestaafu na kufungua hoteli ya chai na samaki karibu na steji ya mabasi, meza nne na benchi. Kustaafu hakukumtoa umatroni. Wateja walikaguliwa kucha kabla ya kupewa ugali. Niliwahi kumwona karani wa mahakama, mtu mzima mwenye tai, akirudishwa kwenye ndoo ya maji mara mbili, na mara zote mbili akaenda.

Mimi nilikuwa taipisti katika ofisi ya mawakili. Kwetu ni Nyeri, kwake ni ufukweni upande wa Bondo, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kikiwa kimebomoka pande zote mbili. Mimi "r" na "l" zilinipiga chenga, yeye "sh" ilimtoka "s", na kila alichosema alikimalizia kwa "donge?", ambalo kwa Kijaluo ni kukuuliza kama sivyo. Hakungoja jibu.

Miaka ile siasa ya kwetu ilizungumzwa kwa kuinamia kikombe. Matroni hakuinama. Alipokuwa na la kusema, alilisema juu ya Marekani. Rais wa kule alimwita Hedimasta, bunge lao aliliita chumba cha walimu, na uchaguzi kwake ulikuwa kubadilishana zamu. Sukari ilipopotea madukani alitangaza, huku akigeuza samaki kwenye karai, kwamba kule Marekani Hedimasta akishindwa kuleta sukari, shule haimwimbii. Wateja walichekea ndani ya chai. Kwenye meza ya pembeni alikaa bwana mmoja wa suti ya mikono mifupi, ambaye kila mtu aliamini hupeleka maneno mahali, na hata yeye hakuwa na pa kuliandika hilo, kwa sababu Marekani haikuwamo katika daftari lake.

Wengi walidhani Marekani ya Matroni ilikuwa fumbo tu. Haikuwa. Aliitazama kwa dhati, na alikuwa na sababu.

Sababu yenyewe, kama alivyonisimulia mara nyingi, ilianzia shuleni, saa nne ya chai. Palikuwa na kijana wa Kimarekani aliyejitolea kufundisha hesabu, mwenye miguu mirefu iliyokuwa ikiwakwaza walimu wenzake. Siku hiyo alisoma barua kutoka kwao, akaikunja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba rais wa nchi yake ni mjinga. Kisha akachovya mandazi. Matroni alikuwa amesimama na bakuli la sukari. Aliniambia alisimama pale akingoja paa lianguke.

Paa halikuanguka, lakini hilo halikumtuliza. Siku tatu alilichunga lango la shule zaidi ya alivyowahi kulichunga kwa ajili ya wavulana. Alimtayarishia yule kijana kikapu chenye mayai ya kuchemsha, blanketi na sabuni, kwa sababu alijua watu wakichukuliwa hawapewi nafasi ya kubeba kitu. Siku ya nne kijana alikuwa bado anafundisha sehemu na desimali, hajaguswa. Matroni akaenda kumwuliza, kikapu mkononi. Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba kwao mtu si kusema tu, hata kuandika anaweza. Mtu yeyote anaweza kumwandikia Rais, na Rais humjibu kwa kumshukuru.

Mayai waliyala pamoja. Lakini lile neno lilimkaa. "Nchi gani hii," aliniuliza, "mtu anatukanwa anasema asante?"

Basi ukaja mwaka wa ukame, na mahindi ya manjano yakaletwa kutoka Marekani. Aliyeyala atakumbuka. Matroni alifika ofisini kwangu saa ya chakula cha mchana, mawakili wakiwa wametoka, akavuta kiti cha wateja, akafumba macho, akaanza kusema kana kwamba anakariri zaburi.

"Andika hivi. Hedimasta, mahindi tumepata, asante. Lakini huku kwetu mahindi ya manjano ni ya kuku. Ukimpikia mgeni ugali wa hiyo rangi, anafikiri umemkasirikia. Kama uko na nyeupe, tuma nyeupe. Kama hauna, sema hauna. Tutaelewa."

Hapa lazima niungame. Nilipoigeuza barua hiyo kuwa Kiingereza, kuku niliwaacha. Hedimasta nilimgeuza kuwa Mtukufu, na mgeni aliyekasirikiwa nikamgeuza kuwa familia chache ambazo zingependelea, ikiwezekana, aina nyingine. Niliogopa. Sijui niliogopa nini, maana barua ilikuwa inavuka bahari. Matroni aliponiambia nimsomee, nilimsomea yake, si yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia sahihi kwa mkono wake mzuri wa shule ya misheni.

Miezi ikapita. Mvua ikarudi, mahindi meupe yakaota yenyewe bila msaada wa Hedimasta. Kisha bahasha nene ikafika posta. Ndani mlikuwa na kadi iliyoshukuru kwa salamu njema, na picha kubwa ya rangi: mwanamume aliyechana nywele vizuri, ametabasamu kwa meno yote, na chini yake sahihi ya wino wa buluu. Kuhusu mahindi hapakuwa na neno. Nilijisemea kimoyomoyo kwamba labda nisingewatoa wale kuku, angejibu kitu. Matroni hakujali. Alinunua fremu soko la Kibuye, akaitundika picha hotelini, akawa anawaonyesha wateja ile sahihi, jinsi mkia wake ulivyojikunja na kukatika kidogo kabla ya mwisho.

Sasa, kila duka na kila hoteli ilikuwa na picha ya Rais wetu, na ya Matroni ilikuwa pale juu ya jiko tangu siku ya kufungua, imekuwa ya kahawia kwa moshi wa samaki. Msumari uliobaki ulikuwa karibu na dirisha, na kwa bahati mbaya ulikuwa juu zaidi, kama upana wa kiganja. Mgeni akatundikwa hapo. Wiki mbili yule bwana wa suti ya mikono mifupi alikunywa chai akipima kwa macho. Wiki ya tatu alirudi na ofisa, kijana mrefu mwenye viatu vilivyong'aa, kutoka ofisi ambayo sitaitaja.

Nilikuwa hapo, nakula. Hakuna mteja aliyeondoka. Sote tulianza kutafuna polepole.

"Mama, huyu ni nani?" ofisa aliuliza.

"Ni mgeni."

"Kwa nini yuko juu ya Mtukufu Rais?"

Matroni alifuta mikono kwenye aproni. "Wewe mgeni akija kwako unamweka wapi? Mwenye nyumba anakaa karibu na jikoni, karibu na chakula yake. Mgeni unaweka dirishani apate upepo. Donge?"

Ofisa alimtazama yule bwana, yule bwana akatazama kikombe. Hatimaye ofisa akasema mgeni ashushwe, mara moja. Matroni akasema hana neno, ila yeye ni mfupi na mgongo wake unauma, labda ofisa atamsaidia na urefu wake. Kijana akapanda benchi. Alipokuwa huko juu, fremu ya Mmarekani kwapani, Matroni akampa kitambaa kilicholowa, akamwomba, maadamu yuko huko huko, ampanguse na Mtukufu, kwa sababu ni aibu kumwacha na masizi vile. Angekataaje? Akapangusa. Alipangusa mpaka Rais wetu akarudia rangi yake, na sisi tuliokuwa chini hatukuthubutu kutazamana. Aliposhuka, mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye saa. Matroni akaikagua, akamwonyesha ndoo.

Hadithi hii ilizunguka mji na watu huimalizia hapo. Mimi siwezi. Kesho yake hoteli haikufunguliwa, na kesho kutwa pia. Nilimkuta chumbani mwake amekaa kitandani, amevaa nguo za kanisani, viatu miguuni, na kile kikapu chake kando: blanketi, sabuni, mayai. Kikombe cha chai nilimshikia mimi. Alikuwa akingoja waje. Hawakuja. Siku ya tatu alikwenda kukaanga samaki, na yule bwana wa suti ya mikono mifupi alipoingia, alimwekea kipande cha mkia, akamlipisha bei ya kichwa, ambacho ni ghali zaidi.

Ile picha aliihamishia nyumbani kwake, na ingalikaa huko mpaka leo kama hatungealikwa harusi ya msichana aliyewahi kulala bwenini mwake. Sherehe ilifanyika Maseno, nyumbani kwa mhadhiri mmoja, mjomba wa bibi harusi. Tuliingizwa sebuleni kungoja maharusi, na ukutani alikuwapo yule yule, amechana nywele vile vile. Matroni alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mkia wa sahihi ulijikunja na kukatika kidogo kabla ya mwisho.

Mhadhiri alikuwa mtu mkunjufu. Alimweleza, akidhani anamfurahisha, kwamba kule kuna mashine inayoshika kalamu na kutia sahihi siku nzima, Rais akiwa amelala.

Matroni hakula pilau. Njiani kurudi tulifika pale barabara inapoteremkia Kisumu na ziwa likaonekana lote. Hapo akasema, "Kumbe ni muhuri." Kisha akaongeza: "Mimi nilikuwa na wasichana mia tatu. Karatasi ya ruhusa ya kila mmoja nilitia sahihi kwa huu mkono."

Fremu aliitumia kwa picha ya kwaya. Miaka kadhaa baada ya hapo Marekani haikupata neno jema katika hoteli ile. Alifundisha kwamba siasa ya kule ni picha tu, na kwamba wana meno mengi kuliko maneno. Uchaguzi wao uliofuata alitabiri atashinda mwenye meno mengi, na aliposhinda, watu wa steji wakaanza kumletea mambo yao mengine awatabirie. Alikubali kwa muda, mpaka alipokosea mechi ya mpira.

Mara upepo ukageuka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Wamarekani walioko Nairobi walianza kusema hadharani kwamba tunahitaji vyama vingi, na Kisumu nzima ikawapenda ghafla. Watu ambao zamani waliogopa kuitazama ile picha dirishani sasa walimwuliza Matroni ameipeleka wapi. Ungetegemea afurahi. Alikunja uso. Alisema mtu akija kukusaidia kumfukuza mume wako, kabla hujamshukuru, muulize yeye amepanga kulala wapi. Wateja walikasirika, wengine wakahamia hoteli ya ng'ambo ya barabara. Nilimwambia ana ukaidi tu: alipopaswa kuogopa kuwapenda aliwapenda, na sasa kupenda kumekuwa halali ameacha. Akanijibu kwamba matroni anayependwa na bweni zima, kuna kazi haifanyi.

Lakini redio hakuizima. Na ndiyo iliyomgeuza tena, asubuhi moja akiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Wamarekani walikuwa wamepiga kura, miezi miwili hivi kabla yetu sisi, na rais aliyekuwa kitini alikuwa ameshindwa. Msomaji wa habari alisema amejitokeza mbele ya watu, akampongeza mshindi, akaahidi kumsaidia kuanza kazi. Matroni aliacha kukanda.

"Na jeshi?" aliniuliza.

Nilimuuliza jeshi limefanya nini.

"Liko wapi?"

Nilisema nadhani liko kambini, linakunywa chai.

Akakaa kwenye benchi, unga ukidondoka sakafuni. Kisha akaanza kucheka, akacheka muda mrefu, machozi yakapiga mifereji kwenye unga wa mashavuni. "Amefunga sanduku," alisema. "Mtu mkubwa vile. Amefunga sanduku kama msichana wa kidato cha nne, ameenda kwao."

Tangu siku hiyo hakumtaja mshindi hata kwa jina. Yeye alikuwa wa yule aliyeshindwa. Alitaka picha yake, na akaja tena ofisini saa ya mchana, akafumba macho. "Mwambie, ulipokuwa juu sikukupenda. Sasa nakupenda." Safari hii sikuongeza neno wala kupunguza. Jibu halikuja, naye hakuona kosa. Alisema mtu anayehama ana shughuli nyingi.

Kisha zamu ya uchaguzi wetu ikafika. Watu wa kwetu Nyeri na watu wa kwao Matroni walikuwa wamewapa kura watu tofauti, na wote wawili walishindwa. Mtu angefikiri kushindwa pamoja kungetuleta karibu. Kwenye ploti yetu ilikuwa kinyume. Majirani waliacha kunisalimia. Ndoo yangu kwenye mfereji wa maji iliondolewa foleni, ikatupwa kando, na nguo zangu nikazikuta chini kwenye tope. Nilianza kufikiria kurudi Nyeri.

Jumamosi asubuhi Matroni alikuja na kigoda chake na ungo wa njugu, akaketi mlangoni pangu kuzibambua. Alikaa hapo kutwa. Kila aliyepita alimsalimu kwa jina, kwa sauti ya paredi, na kila mmoja alilazimika kusimama, kwa sababu wengi wao alikuwa amewakopesha kitu au amewalelea binti. Halafu akawasimulia habari za yule mtu wa sanduku. Nilimsikia akimwambia mama wa nyumba ya kona: "Huyo alikuwa na mabomu ya kumaliza dunia. Ameshindwa, akasema hongera. Wewe ulikuwa na nini, mpaka ukishindwa unamnyima mtu maji?" Jumatatu ndoo yangu ilikuwa imepangwa mahali pake.

Ningependa kuishia hapo, Matroni akiwa juu. Lakini nikimwacha huko atakuwa ile picha yenye meno, na yeye mwenyewe asingependa.

Mtaani tulikuwa na kikundi cha akina mama kilichomiliki sufuria kubwa, sahani na tenti za matanga na harusi. Matroni alikuwa mwenyekiti tangu mwanzo. Kila mwaka tulichagua kwa kupanga mstari nyuma ya mtu, na kila mwaka sote tulipanga nyuma yake, maana alikuwa amesimama pale anatutazama. Mwaka huo akakataa. Alisema sasa tupige kura ya siri kama watu waliosoma, na akaleta katoni ya sabuni na leso mbili za kufanyia pazia. Mimi ndiye niliyehesabu. Alishindwa kwa kura tatu, na fundi cherehani mmoja mpole ambaye hata kuomba hakuwa ameomba.

Matroni akasimama, akamkumbatia mshindi, akampongeza kwa maneno mazuri, akaahidi kumsaidia kuanza kazi. Wanawake walilia. Mimi nililia. Fundi akaomba ufunguo wa stoo ya vyombo.

Matroni alisema ameuacha nyumbani. Kesho yake alikuwa amesafiri Bondo. Aliporudi, kufuli lilikuwa limeshika kutu na linahitaji mafuta. Baadaye sahani zilikuwa bado zinahesabiwa. Miezi miwili ilipita hivyo. Msiba ukatokea mtaani, na waombolezaji wakapikiwa kwa sufuria za kuazima mtaa mwingine, aibu ambayo Kaloleni haikuwa imewahi kuijua.

Nikaenda kwake. Nilikuwa nimejiandaa na nilikuwa na hasira; nikamkumbusha yule mtu wa sanduku, na maneno yake yote mlangoni pangu nikamrudishia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yule alikuwa na nyumba ya kwenda, na pensheni, na mbwa wake.

"Mimi nikitoa huu ufunguo," alisema, "nabaki nani?"

Nilikuwa nimemjua miaka kumi, na sikuwa nimewahi kujiuliza. Akanimiminia chai, tukainywa.

Haikupita wiki, mama mkwe wa yule fundi akafariki. Asubuhi watu walipoanza kukusanyika, walimwona Matroni akitokea mwisho wa mtaa, peke yake, amejitwika sufuria kubwa kuliko zote, ile ambayo hubebwa na watu wawili. Hakuna aliyethubutu kumpokea. Aliitua mbele ya fundi, na ndani yake ufunguo ukalia ukizunguka. Hakutoa hotuba. Alivuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi pamoja na wanawake wadogo, na tangu siku hiyo hakukaa tena kiti cha mbele.

Maoni yake kuhusu Marekani yalibadilika hapo kwa mara ya mwisho ninayoijua, na nadhani ndiyo mara aliyoielewa. Nilimuuliza kama bado anampenda yule aliyeshindwa. "Nilikuwa naona ni mtu mzuri sana," alisema. "Sasa naona alikuwa mtu wa kawaida tu. Alikuwa na watu wanamngoja pale nje na sanduku, atake asitake."

Mwishoni mwa miaka ya tisini alifunga hoteli, akarudi kwao ufukweni. Tulionana tena mara moja. Ziwa wakati huo lilikuwa limefunikwa na magugu, kijani mpaka upeo wa macho, na msichana mmoja wa chuo kutoka Marekani alikuwa amekuja kuchunguza biashara ya samaki. Siku za Jumamosi nilimtafsiria. Tulipofika upande wa Bondo nikamwambia kuna mtu lazima amwone.

Matroni alikuwa amekonda, lakini alikagua kucha za mgeni kabla ya kumpa kiti. Redio siku hizo ilikuwa imejaa habari za rais wa kule kuhojiwa na bunge lake, na Matroni alizijua zote, nani alisema nini na kura zilianguka vipi. Binti wa watu aliona haya kana kwamba ni baba yake anayesemwa. Alikiri kwamba mambo mengine alikuwa hayajui.

"Muulize," Matroni aliniambia, "yeye alimpa huyo kura au alimnyima."

Nilimuuliza. Uso wa binti ukawa mwekundu. Alisema hakupiga kura. Alikuwa chuoni mbali na kwao, kulikuwa na fomu za kujaza, na tena jimboni kwao kila mtu hujua mapema nani atashinda, kura moja haibadilishi kitu. Nilitafsiri neno kwa neno.

Matroni aliuliza kama alikuwa mgonjwa. Hapana. Kama barabara ilikatwa na mafuriko. Hapana. Akainuka, akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda mpaka nikadhani ameondoka kwa hasira. Alirudi na samaki na ugali, akamwekea mgeni kwanza, akamwonyesha jinsi ya kumtoa miba. Binti alipokuwa amekula nusu, Matroni akaanza kusema, akimtazama yeye, si mimi.

"Mimi nimepiga kura tangu uhuru. Nimepanga laini kwa jua, nimepanga kwa matope, nimesimama nyuma ya picha ya mtu na chifu ananiangalia. Na kila mtu nilimpa alishindwa. Kila mmoja. Sasa muulize, anafikiri nilikuwa naenda kufanya nini."

Binti alisema hajui.

"Nilikuwa naenda ndio yule ameshinda, akihesabu watu wake, akute mmoja hayuko."

Nilitafsiri. Binti alifuta vidole, akafungua daftari lake la samaki, akaniomba nimwambie Matroni arudie polepole, aandike. Matroni akakataa. Alisema hicho si kitu cha kuandika, ni kitu cha kwenda kufanya, na kwamba samaki anapoa.